Chama na Jirani Yake: Habari za Vyama Viwili vya Zamani



Kila mwaka kijitabu hiki hutoa hesabu ya fedha, majina ya wenzetu waliotutoka, na orodha ya watoto waliosaidiwa karo. Mwaka huu Kamati imeagiza ziongezwe kurasa chache za historia, na sababu yake mwaijua. Katika mkutano mkuu uliopita lilitolewa shauri ya kuwa sehemu ya akiba ya chama itumiwe kujengea choo cha watu wote pale sokoni. Mzee mmoja akasimama, akauliza hivi: fedha hii tuliitoa ili tuuguzane na kuzikana sisi kwa sisi, basi mtu ashukaye sokoni kutoka mbali, ambaye hatumjui jina wala hakutoa hata senti moja, anatuhusu nini? Jua likatua kabla ya jibu kupatikana, na shauri likaahirishwa hadi mkutano wa mwaka huu.

Swali lile si la ubahili. Ni swali la haki, na aliyeuliza alikuwa akilinda mali ya wajane na mayatima. Tena si swali geni. Vyama vingi vilivyotutangulia viliulizwa lilo hilo, na jibu la kila kimoja likaamua maisha yake. Nimechagua viwili: kimoja cha ng'ambo, katika mji wa Chicago, Marekani, na kimoja cha hapa kwetu Kenya, katika nchi ya Nyanza. Vyama hivi havikujuana, wala asili yao haikufanana. Lakini vyote viwili, vilipotaka kuacha kujitazama vyenyewe tu na kuwatazama majirani, vilipita katika mlango mmoja ulio mnyonge sana, nao ni choo.

WATU WANNE WA CHICAGO

Paul Harris alikuwa wakili. Alizaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Wisconsin, akalelewa na babu na nyanya yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenziwe. Alipomaliza masomo ya sheria mwaka 1891 alitangatanga miaka mitano akifanya kazi za namna nyingi, kisha mwaka 1896 akafungua ofisi Chicago. Mji ule ulikuwa umekwisha kupita watu milioni 1. Yeyote aliyetoka kijijini akaja Nairobi au Mombasa kutafuta kazi ataielewa hali ya kijana yule: mchana watu tele, jioni hakuna wa kumbishia hodi. Siku moja alitembea jioni na wakili mwenzake katika mtaa ulio kando ya mji, akaona jinsi rafiki yule alivyoamkiana na wenye maduka, kila mmoja kwa jina lake. Akawaza moyoni: mbona desturi hii ya kijiji isipandwe mjini?

Wazo hilo lilikaa miaka kadhaa bila kuota. Tarehe 23 Februari 1905 walikutana watu wanne: Harris mwenyewe, Silvester Schiele, mwuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr, injinia wa migodi, na Hiram Shorey, mshona nguo. Walikaa katika ofisi ya Loehr, chumba nambari 711 katika jengo lililoitwa Unity. Wakapatana kukutana mara kwa mara, leo ofisini kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Na kwa sababu mikutano ilizunguka hivyo, chama kikaitwa Rotary, maana yake chenye kuzunguka. Akina mama wetu, ambao huzungushiana mchango nyumba kwa nyumba, hawatalistaajabia jina hilo.

Yatupasa kusema kweli kwamba chama kile hakikuanza kwa ukarimu mkubwa. Kila kazi ilitoa mtu mmoja tu, ili pasiwe na mashindano ndani ya chama, na nia ya wengi ilikuwa kununuliana bidhaa na kupelekeana wateja. Katiba yao ya mwaka 1906 ilitaja makusudi mawili, la kwanza kukuza biashara za wanachama, la pili kukuza urafiki wao. Hata daftari iliwekwa, ikaandikwa humo nani amempatia nani biashara. Mpiga chapa mmoja, Harry Ruggles, akawaanzishia nyimbo mkutanoni, na desturi hiyo ya kuimba ikadumu. Yote hayo yalikuwa mema, lakini yalikuwa yao wenyewe.

Hata hivyo waliweka taratibu mbili ambazo wazee watazipima. Ya kwanza, Harris, ingawa wazo lilikuwa lake, hakukikalia kiti cha kwanza. Rais wa kwanza alikuwa Schiele, mwuza makaa, na kiti kikaendelea kupita mkono kwa mkono. Ya pili, mahudhurio yalikuwa sheria. Katika katiba za klabu za Rotary ilikaa kwa miaka mingi kanuni ya kwamba mwenye kukosa mikutano minne mfululizo bila udhuru hupoteza uanachama wake. Kati ya wale wanne wa kwanza, Loehr na Shorey hawakukaa sana chamani, lakini chama hakikufa kwa kuondoka kwao, kwa maana hakikuwa cha mtu.

SWALI LA BWANA CARTER

Katika mwaka uo huo wa 1906 mwanachama mmoja, Frederick Tweed, alimwalika wakili mwingine, Donald Carter, ajiunge nao. Carter akaisoma katiba, akaona yale makusudi mawili, akakataa. Alisema ya kwamba chama chenye kuwafaa wanachama wake tu hakimvuti, bali kingeweza kufika mbali kama kingetenda jambo la kuwafaa watu walio nje yake pia.

Tazameni, hili ndilo swali la mzee wetu lililogeuzwa upande wa pili. Mzee wetu aliuliza mgeni anatuhusu nini. Carter, ambaye wakati ule alikuwa mgeni mlangoni, aliuliza ninyi mnanihusu nini. Wanachama wale wangeweza kukasirika na kumwacha aende zake. Badala yake walimwambia aingie, naye asaidie kuliandika jambo hilo katika katiba. Ndipo likaongezwa kusudi la tatu, kuendeleza mema ya mji wa Chicago na kuwatia wenyeji wake moyo wa kuujali mji wao.

Lakini kuandika si kutenda, nasi makarani twalijua hilo kuliko wengine. Kusudi la tatu lilitaka kazi. Mwaka 1907 Harris alikuwa rais, na kazi waliyoichagua haikuwa ya kupigiwa tarumbeta. Katikati ya mji ule, ambamo watu maelfu kwa maelfu walipita kila siku, hapakuwa na choo cha umma. Mtu aliyebanwa ilimpasa kuingia katika kilabu cha pombe au katika duka kubwa la nguo na vyombo. Rotary ikaviita vyama vingine vya mji, ikaenda pamoja navyo mbele ya serikali ya mji, ikaomba kijengwe choo cha watu wote.

Walipata wapinzani, na si watu wadogo. Watengenezaji wa bia walipinga, kadhalika na wenye maduka makubwa ya barabara ya State. Hoja yao ilikuwa kwamba vyoo vipo tayari, katika vilabu na katika maduka yao. Sababu iliyofichika haikuwa ngumu kuijua, kwani aingiaye kilabuni kwa haja hutoka amekwisha kunywa, na aingiaye dukani hutoka na kifurushi. Je, mwanamke mwenye mtoto? Je, asiye na kitu mfukoni? Hao hoja ile haikuwataja. Mashauri yalikwenda kama miaka miwili. Mwishowe choo kikajengwa karibu na ofisi kuu ya serikali ya mji, nayo ikawa kazi ya kwanza ya klabu ile kwa ajili ya umma.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wale watu hawakukijenga choo kile peke yao kwa fedha za mifukoni. Kazi yao ilikuwa kuwakusanya wale waliopasika kujenga, kuwakumbusha, na kutochoka. Fedha ya chama ilikuwa ndogo, lakini sauti ya chama chenye watu wa kila kazi haikuwa ndogo.

HUKU KWETU NYANZA

Sasa na tuvuke bahari, turudi nyumbani, tuone chama ambacho hakikuanza kwa biashara bali kwa malalamiko.

Mwaka 1920 nchi yetu iligeuzwa kutoka Himaya ikawa Koloni. Katika miaka ile kodi ilipandishwa, watu walitolewa kwa nguvu kwenda kazini, na mwanamume alitakiwa kuchukua kipande kikining'inia shingoni. Tarehe 23 Desemba 1921 watu maelfu walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, kwa kuwa Kavirondo ndilo jina ambalo serikali iliita nchi ile. Viongozi walikuwa vijana waliosoma katika shule ya misheni ya Maseno, iliyofunguliwa mwaka 1906. Jonathan Okwiri alikuwa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, na Simeon Nyende mtunza fedha. Wajaluo wakaliita vuguvugu hilo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walitaka kazi ya lazima ikomeshwe, kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, ardhi ipewe hati, na shule ziongezwe.

Wakati ulikuwa wa hatari. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kumtaka afunguliwe wakapigwa risasi. Serikali haikutaka moto huo uwake na Nyanza. Mwaka uo huo Gavana Northey mwenyewe alikwenda Nyahera kuwasikiliza wazee na vijana wale, na baadhi ya malalamiko yakapata jibu, lakini kipande na mengine yakabaki.

Mwaka 1923 kiti cha mwenyekiti kikapewa Arkidikoni Walter Owen wa misheni ya C.M.S., na jina likageuka, kikaitwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Tangu hapo wanachama walitakiwa kutoa ahadi, na ahadi zenyewe zilikuwa za nyumbani: kuchimba choo, kuua panya, kupanda miti, kutengeneza kitanda cha kulalia badala ya kulala chini, kusafisha ua, na kujizuia na ulevi. Asifikiri mtu ya kwamba kuua panya ni mchezo wa watoto. Tauni ilikwisha kuingia Kisumu mapema katika karne ile, na panya ndiye aliyeibeba. Kuhusu choo sina haja ya kueleza kwa wazee walioona kipindupindu kikizunguka nchini tangu Oktoba 2022.

Watu wametofautiana juu ya mgeuko ule. Wako waliosema kwamba Arkidikoni aliwatoa vijana katika siasa akawapeleka kwenye mashimo ya vyoo, ili serikali ilale usingizi. Neno hilo lina uzito, maana kudai haki ya ardhi na kuchimba choo si mambo ya kipimo kimoja, na kipande hakikuondolewa kwa kuua panya. Lakini Mgala muue na haki umpe. Owen huyo huyo aliandika na kusema hadharani dhidi ya kazi ya lazima, hata walowezi wakamchukia na kulichezea jina la cheo chake, wakaligeuza kuwa la shetani. Tena ahadi zile hazikuwa bure. Mtu aliyechimba choo chake alikuwa amelinda kisima cha jirani yake, awe mwanachama au asiwe. Hapo chama kilichozaliwa kwa kudai kilijifunza na kutoa.

Je, chama hicho kilikwisha vipi? Baadaye Wajaluo na Waluhya wakagawanyika, na mwaka 1932, wakati wa dhahabu ya Kakamega, Waluhya wakaunda chama kingine cha kutetea ardhi yao. Owen alifariki mwaka 1945, na kufikia wakati huo nguvu za chama zilikuwa zimepungua sana. Mimi naona sababu mojawapo ni kwamba chama kiliegemea nguzo moja. Chicago kiti kilizunguka, Nyanza kiti kilikaa kwa mtu mmoja, tena mtu ambaye hakuwa mwenyeji. Nguzo moja ikiondoka, paa hushuka. Lakini miti iliyopandwa haikung'oka kwa sababu chama kimeanguka, wala aliyezoea choo hakurudi vichakani.

KILICHOTOKA KATIKA JAMBO DOGO

Turudi kwa wale wa Rotary, ili tuone jinsi mbegu ilivyokua. Mwaka 1908 klabu ya pili ilianzishwa San Francisco. Mwaka 1910 zilikuwa klabu 16, zikafanya umoja wao. Klabu ya kwanza katika Afrika ilianzishwa Johannesburg mwaka 1921, na mwaka 1930 ikaanzishwa ya Nairobi, ya kwanza katika Afrika ya Mashariki, katika mji ambao wakati ule mitaa yake iligawanywa kwa rangi za watu. Leo wanachama wao wamepita milioni 1 duniani kote. Mwaka 2003 Jonathan Majiyagbe wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wao wa dunia. Naye Sam Owori wa jirani zetu Uganda alikwisha kuchaguliwa kushika kiti hicho kuanzia mwaka 2018, ila mauti yalimtangulia mwaka 2017.

Mwaka 1917 rais wao, Arch Klumph, alipendekeza iwekwe akiba kwa ajili ya kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Kwa umoja wenye klabu nyingi hivyo, fedha hiyo ilikuwa kama tone. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilichukua miaka mingi kujaa. Kilipojaa kilimwagwa juu ya adui mmoja, ugonjwa wa polio, unaopooza viungo vya watoto. Mwaka 1979 walianza katika visiwa vya Ufilipino, wakisaidia kuchanja watoto wapatao milioni 6. Mwaka 1985 wakaazimia kuupiga vita duniani pote, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na mataifa mengi wakaungana katika vita hivyo. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa ukishika watoto zaidi ya 350,000 kila mwaka, katika nchi 125.

Wazazi wa hapa mnayakumbuka matone yale mdomoni mwa watoto, na wino kidoleni ili asichanjwe mtoto mara mbili. Wengi walioleta chanjo mlangoni walikuwa vijana na akina mama wa mitaa yenu wenyewe, wakitembea juani. Kenya iliguswa mwaka 2013, polio ilipozuka upande wa Dadaab, na chanjo ikarudiwa. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba Afrika imeondokana na virusi vya asili vya polio. Kazi haijakwisha, kwa maana mwaka 2022 virusi hivyo vilivyotoka nje vilionekana Malawi na Msumbiji, na aina nyingine, inayotokea mahali ambapo chanjo haikuwafikia watoto wa kutosha, imeendelea kusumbua. Lakini mtoto wa Kiafrika ambaye leo anapanda mti kwa miguu yake miwili hajui majina ya waliomtolea senti zao, wala wao hawakulijua lake. Huyo ndiye mgeni wa sokoni aliyeulizwa na mzee wetu.

Nisije nikadhaniwa ninawasifu watu wale kupita kiasi, nitataja na kosa lao. Kwa zaidi ya miaka 80 mlango wa Rotary ulifungwa kwa wanawake. Klabu moja ya California, katika mji wa Duarte, ilipowaingiza wanawake watatu mwaka 1977, wakubwa waliifutia hati yake mwaka uliofuata. Klabu ikaenda mahakamani. Tarehe 4 Mei 1987 mahakama ya juu ya Marekani ikaamua kwamba wanawake hawawezi kukatazwa, na mwaka 1989 katiba ya dunia nzima ikabadilishwa. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wao. Watu waliojua kumhurumia mgeni wa mbali walichukua miaka mingi kumwona mwenzao aliye karibu. Vijana wetu na akina mama, ambao huketi nyuma ya mkutano wetu na kunyamaza, wameusikia mfano huo bila mimi kuufafanua.

SHAURI LILILO MBELE YETU

Historia haipigi kura, wanachama ndio wapigao. Hata hivyo, kwa kuwa Kamati imenipa kalamu, nitasema ninavyoona, na wazee watanisahihisha nilipokosea.

Mzee aliyeuliza alisema kweli katika jambo moja kubwa: akiba ya maziko ni amana. Mjane haambiwi asubiri sanduku kwa sababu simenti imepanda bei. Basi fedha hiyo isiguswe. Ifunguliwe daftari ya pili, yenye kichwa chake, risiti zake na mkaguzi wake, na kila mwanachama apendaye atie humo kiasi awezacho, kwa mkono au kwa simu, nacho kisomwe hadharani katika kila mkutano. Mali bila daftari hupotea bila habari, na imani ya wanachama hupotea pamoja nayo.

Pili, tusijidanganye kwamba tutajenga peke yetu. Wale wa Chicago walifika mbele ya serikali ya mji pamoja na vyama vingine. Hapa sokoni ushuru hutozwa kila siku ya soko, na mwenye kutoza ana wajibu. Tukienda sisi tu, tutaambiwa njooni kesho. Tukienda pamoja na wauza mboga, wenye bodaboda, kanisa na msikiti, na akina mama wa vikundi vya kuzungushiana, kesho hiyo itakuwa na tarehe. Pengine nguvu kazi itakuwa yetu na simenti ikawa ya serikali. Neno harambee, lililotangazwa kwa nchi nzima na Mzee Kenyatta mwaka 1963, halikuwa na maana ya serikali kukaa kivulini wakati raia wanavuta kamba.

Tatu, choo kikikwisha kujengwa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Nani atakifagia? Nani ataweka maji? Nani atashika ufunguo usiku? Vyoo vingi vya umma hufunguliwa kwa hotuba na kufungwa kwa kufuli. Hapa ndipo ahadi za wale wa Nyanza zinapofaa. Zilikuwa ndogo, za mtu mmoja mmoja, zenye kuhesabika: choo kimechimbwa au hakikuchimbwa, mti umepandwa au haukupandwa. Kila familia ya wanachama ikipewa juma lake la zamu, na jina lake likaandikwa ubaoni, hakuna atakayeweza kusema hakujua. Na zamu hiyo izunguke hata kwa wanakamati, na katibu asisahauliwe.

Ndipo ninapolirudia swali lenyewe. Mtu ashukaye sokoni kutoka mbali anatuhusu nini? Nimejaribu kumwona mtu huyo. Ni mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha mayai. Ametoka kwake alfajiri, amesafiri saa mbili, na kabla hajauza yai la kwanza mtoto amebanwa na tumbo. Huenda kwa nyuma ya vibanda, kama wafanyavyo wote. Mvua ikinyesha, kilichobaki huko nyuma hushuka bondeni hadi kisimani, na kisima hicho ndicho tunachochota maji ya kupikia chakula cha matanga yetu. Hakuna ukuta kati ya akiba yetu ya maziko na choo cha sokoni. Tusipomhudumia yule mama leo, pengine tutazika kwa sababu yake kesho, nasi tutatoa fedha ile ile kwa namna nyingine, tena pamoja na machozi.

Hiyo ni hoja ya faida, nami nimeitoa kwa kuwa ni kweli. Lakini iko nyingine. Siku nilipofika mjini mara ya kwanza kutafuta kazi, nilikuwa mimi mgeni wa sokoni, na mtu nisiyemjua alinionyesha pa kulala. Sikupata kumlipa. Naamini kila mzee atakayesoma ukurasa huu ana mtu wa namna hiyo katika maisha yake. Deni lake hatuwezi kumrudishia yeye. Twaweza kulilipa kwa mwingine tu.

Wazee wetu, shauri liko mezani. Karani amemaliza kusoma kumbukumbu za zamani. Kumbukumbu zitakazosomwa baada yetu ni hizi ambazo mtaziandika ninyi katika mkutano huu.

Wenu katika utumishi wa chama,
Karani